Munganga wa jicho moja: maisha ya Denis Burkitt (1911-1993)



Ni desturi ya gazeti letu kuleta maisha ya mtu aliyekwisha kufariki, ambaye kazi yake inaweza kutufaa sisi tulio hai. Safari hii tumechagua munganga. Lakini kwanza turuhusuni tueleze juu ya nini tumemchagua huyu na si mwingine.

Muhula uliopita, usiku mmoja katika bweni, mwenzetu wa darasa la 5 aliamka akikohoa na kujishika kifua. Maji makali yenye uchungu yalikuwa yamempanda mpaka kooni, na katikati ya kifua alisikia moto. Mangaribi ile alikuwa amekula bukari nyingi na sombe yenye mafuta mengi, akashiba sana, halafu akalala palepale. Kabla ya kupambazuka bweni lote lilikuwa na maneno. Wengine walisema ametiliwa sumu. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakataja jina la mwenzetu mwingine ambaye alikaa karibu naye mezani. Kijana huyo aliyetajwa hakula chochote asubuhi ile. Alikaa peke yake nyuma ya darasa, na hakuna aliyemsogelea.

Kulipokucha mgonjwa alipelekwa kwa mama muuguzi. Yule mama hakuuliza habari za sumu wala za jina la mtu. Aliuliza mambo manne tu: kijana alikula nini, alikula saa ngapi, alilala saa ngapi, na jambo lile lilikwisha kumpata mara ngapi. Majibu yote akayaandika kwenye karatasi. Kumbe lilikwisha kumpata mara nyingi, na kila mara ni baada ya kula sana na kulala upesi. Ni kiungulia, wala si kingine. Mangaribi ile yule kijana aliyetajwa alirudi mezani, na sisi sote tuliona haya.

Basi tukajiuliza: karatasi moja na maswali manne vimewezaje kumaliza maneno ambayo bweni zima lilishindwa kuyamaliza? Tukaanza kumtafuta mtu aliyefanya kazi kubwa kwa maswali madogo ya namna hii, tena katika Afrika yetu, tena juu ya mambo haya ya tumbo. Tukamkuta Denis Burkitt, munganga wa Uganda.

1. UTOTO WAKE

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, mji mdogo upande wa kaskazini wa Ireland, katika jamaa ya Kiprotestanti. Baba yake alikuwa injinia wa barabara na madaraja ya jimbo. Lakini saa za kupumzika baba huyo alikuwa na kazi nyingine ambayo majirani waliiona ya ajabu. Alikamata ndege wadogo wa bustani yake, akawavalisha pete ndogo za chuma miguuni, akawaacha waende. Kisha aliandika siku kwa siku ni ndege gani ameonekana fasi gani. Kwa njia hiyo alichora ramani iliyoonyesha kwamba kila ndege ana kiwanja chake na mipaka yake. Wataalamu wa ndege wanamheshimu mpaka leo. Wasomaji, shikeni hii ramani ya ndege katika mawazo, maana tutairudia.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11 balaa lilimpata. Jiwe lililotupwa na mtoto mwingine lilipiga miwani yake, kioo kikavunjika, vipande vikaingia katika jicho la kuume. Wanganga hawakuweza kuliokoa. Tangu siku ile mpaka mwisho wa maisha yake aliona kwa jicho moja. Mwenye jicho moja hapimi umbali vizuri. Jaribuni ninyi wenyewe kufunga jicho moja na kutia uzi katika tundu la sindano. Lakini huyu ndiye aliyekuja kuwa mpasuaji.

2. MASOMO YAKE

Mwaka 1929 aliingia chuo kikuu cha Trinity College huko Dublin ili awe injinia kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi wa ajabu. Wale kati yetu wanaopata alama ndogo katika hesabu wafarijike kidogo, kwa sababu yeye pia alama zake za mwaka ule hazikuwa nzuri. Huko chuoni alikutana na wanafunzi waliokusanyika kusoma Biblia na kuomba. Imani ambayo zamani ilikuwa desturi ya nyumbani tu, sasa ikawa ya moyo wake mwenyewe. Aliacha mambo ya uinjinia, akageukia udaktari, na tangu hapo alama zake zikapanda. Alimaliza mwaka 1935, na mwaka 1938 akapokelewa katika chama cha wapasuaji wa Edinburgh.

Alitaka kuja Afrika kufanya kazi, lakini alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni walimkataa juu ya jicho lake. Ikaja vita ya pili ya dunia. Mwaka 1941 aliingia jeshini kama munganga, akatumwa Kenya na Somalia, baadaye Ceylon, ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, na Mungu akawajalia binti watatu. Vita ilipokwisha aliomba tena, na safari hii walimkubali. Mwaka 1946 alifika Uganda.

3. MTU ANAYEULIZA MGONJWA ANATOKA WAPI

Kwanza aliwekwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Huko wanaume wengi walikuja kupasuliwa mabusha. Wapasuaji wengine wangepasua tu, wakafunga kidonda na kumwita mwingine. Burkitt alipasua pia, lakini aliuliza kila mmoja anatoka kijiji gani, akaandika. Baada ya muda aliona jambo: wenye mabusha walikuwa wengi sana kutoka mashariki ya wilaya, na kutoka magharibi walikuwa wachache. Watu ni walewale, lugha ni ileile, lakini ugonjwa una mipaka yake kama ndege wa baba yake. Baadaye ilieleweka kwamba ni juu ya vijidudu vya filaria ambavyo vinaletwa na mbu. Habari zake juu ya mabusha zilichapishwa mwaka 1951.

Mwaka 1948 alihamishwa Kampala, kwenye hospitali kubwa ya Mulago. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto mmoja wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, na Burkitt hakuwa amekwisha kuona kitu sawa vile. Majuma machache baadaye, akiwa kwenye hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Mmoja anaweza kuwa ajali. Wawili ni swali. Alirudi Mulago akafungua daftari za zamani, na humo akakuta wengine wengi. Ilikuwa kansa ya watoto ambayo wengi waliiona lakini hakuna aliyeiunganisha. Mwaka 1958 aliiandikia, na leo inaitwa kwa jina lake.

Sasa akataka kujua mipaka yake. Kwa fedha kidogo sana alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa hospitali za serikali na za misioni, akauliza kama wanaona ugonjwa huu. Majibu yaliporudi alichoma pini kwenye ramani ya Afrika. Ukaonekana mkanda unaovuka katikati ya bara, na mkia unaoshuka upande wa mashariki kuelekea kusini.

Mwezi wa Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na wanganga wawili, Ted Williams wa hospitali ya misioni ya Kuluva, karibu na mpaka wetu wa Kongo, na Clifford Nelson. Gari lao lilikuwa Ford kuukuu la mwaka 1954. Kwa majuma 10 walitembea kilometa kama 16,000 mpaka Afrika Kusini, wakaingia katika hospitali 57. Hapa kwetu ilikuwa miaka ya vita vya Katanga; mwezi mmoja tu kabla ya safari yao, ndege ya Dag Hammarskjöld ilianguka karibu na Ndola. Katika nyakati za namna hiyo watu watatu walizunguka na gari kuukuu wakiuliza habari za taya za watoto.

Safari ile iliwaonyesha kwamba ugonjwa haupendi fasi za baridi. Karibu na ikweta unafika mpaka kwenye milima ya meta kama 1,500, lakini kadiri mtu anavyokwenda kusini unabaki kwenye nchi za chini tu. Wataalamu walifahamu kwamba ni jambo la joto na mvua, njo maana baadaye waliiunganisha na malaria. Tena Anthony Epstein, aliyemsikia Burkitt akifundisha London mwezi wa Machi 1961, alichunguza vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake walivumbua ndani yake virusi ambavyo havijajulikana. Burkitt naye, kwa kuwa Kampala haikuwa na mashini za kuchoma kansa kwa mionzi, alijaribu dawa, na watoto kadhaa walipona kabisa.

4. ANAGEUKIA MAMBO YA TUMBO

Mwaka 1966 alirudi Uingereza. Alikuwa na miaka 55 na jina kubwa. Angeweza kukaa na kupokea sifa. Lakini mwaka uliofuata alikutana na mzee mmoja, Cleave, aliyekuwa munganga wa jeshi la majini. Cleave alisema magonjwa mengi ya Ulaya yanatoka kwenye sukari na unga mweupe. Wanganga wengi walimwona kama mtu wa wazo moja tu. Burkitt alimsikiliza, kwa sababu alikumbuka Mulago. Kule miaka yote aliyopasua, magonjwa fulani yaliyojaa katika hospitali za London aliyaona kwa shida: mawe ya nyongo, kidole-tumbo, na ule ugonjwa ambao sehemu ya juu ya tumbo inapanda kifuani. Na mwenzake wa zamani Trowell alikuwa amekwisha kuandika mambo kama hayo.

Basi alifanya tena kazi ya ramani. Kila mwezi alituma karatasi za maswali kwa hospitali nyingi, hasa za misioni, za Afrika na za Asia. Aliuliza wameona wagonjwa wangapi wa kila aina, na watu wao wanakula nini.

Hakuishia hapo. Alitaka kujua chakula kinakaa tumboni muda gani. Pamoja na wenzake aliwapa watu vidonge vidogo vya plastiki wavimeze, vidonge ambavyo vinaonekana kwenye picha ya radio, kisha wakangoja vitoke, wakapima na uzito wa choo. Msicheke, ilikuwa elimu. Mwaka 1972 walitoa matokeo. Kwa watu wa jeshi la majini la Uingereza, waliokula mkate mweupe, chakula kilichukua kama siku 3 na nusu, na choo cha siku moja kilikuwa na uzito wa gramu kama 100. Kwa wanavijiji wa Uganda kilichukua kama siku 1 na nusu, na uzito ulipita gramu 400. Tofauti, alisema, ni nyuzinyuzi: yale maganda na makapi ya chakula ambayo tumbo haliyayeyushi, ambayo mashini za kusaga zinayatupa ili unga uwe mweupe. Mwaka uleule alichaguliwa kuwa mmoja wa Royal Society, baraza la wataalamu wakubwa wa Uingereza.

5. MOTO WA KIFUANI

Sasa tumefika kwenye shida ya mwenzetu wa darasa la 5. Tueleze kwanza mwili unavyofanya kazi, kama tulivyofundishwa katika biolojia.

Chakula kinashuka kwa umio mpaka tumboni. Kati ya kifua na tumbo kuna ukuta wa nyama unaoitwa kiwambo, na umio unapita katika tundu lake. Pale chini pana mlango wa misuli unaofunguka chakula kikipita, kisha unajifunga. Tumbo linatoa asidi kali ili kuyeyusha chakula, na ngozi yake ya ndani imeumbwa kuivumilia. Umio haukuumbwa hivyo. Mlango ukilegea, asidi inapanda, na mtu anasikia moto kifuani na uchungu mdomoni.

Kwa nini hasa baada ya kula? Kwa sababu tumbo lililojaa linavutika, na mlango unafunguka wenyewe mara nyingi ili kutoa hewa; kule kucheua ndiko huko. Tena mwaka 2001 wachunguzi wa Glasgow walionyesha jambo ambalo halikutazamiwa: baada ya mtu kula, asidi mpya haichanganyiki yote na chakula, bali nyingine inaelea juu yake, karibu kabisa na mlango. Mtu akilala wakati ule, ni sawa na kulaza chupa iliyojaa, yenye kizibo kilicholegea.

Burkitt aliangalia zaidi ule ugonjwa wa tumbo kupanda kifuani kupitia tundu la kiwambo, kwa maana unalegeza mlango na kuleta kiungulia cha mara kwa mara. Aliona kwamba unapatikana sana Ulaya na Marekani, na kwa nadra katika vijiji vya Afrika. Maelezo yake yalikuwa haya: mtu anayekula chakula kisicho na nyuzinyuzi anapata choo kigumu, anajikaza sana chooni kila siku kwa miaka mingi, na kule kujikaza kunasukuma tumbo kwenda juu, kama vile mtu anavyominya mpira chini ili utokeze juu. Aliandika juu ya neno hili mwaka 1973, na tena mwaka 1981.

6. PALE ALIPOSHINDWA KUHAKIKISHA

Hatupendi kuandika maisha ya mtu kana kwamba hakukosea. Mambo ya Burkitt juu ya kansa ya watoto yamesimama. Mambo yake juu ya moto wa kifuani yamesimama nusu tu.

Kwanza, ili kuona tumbo lililopanda inafaa mtu anywe dawa nyeupe ya bariamu na kupigwa picha ya radio. Katika vijiji vya Afrika ni wangapi walipigwa picha ile? Ugonjwa usiotafutwa hauonekani, na hospitali isiyo na mashini inaweza kujibu kwamba haina wagonjwa. Pili, watu wa vijijini hawakutofautiana na watu wa London kwa chakula tu. Walikuwa wembamba zaidi, walitembea zaidi, na wengi walikuwa vijana. Leo inajulikana kwamba unene wa tumbo, mimba, uzee, tumbaku na pombe vinachangia sana kiungulia. Lakini kwamba kujikaza chooni ndicho chanzo, hakuna aliyekwisha kuhakikisha. Tatu, kiungulia chenyewe si kigeni Afrika. Uchunguzi mmoja wa Nigeria uliotolewa mwaka 2009 uliwauliza wanafunzi wa udaktari, vijana kama ndugu zetu wakubwa, na karibu robo yao walikuwa na shida hii.

Basi, je, kazi yake ilipotea? Hapana. Juu ya nyuzinyuzi, mwaka 2019 wataalamu walikusanya uchunguzi wa miaka mingi, wakaona kwamba wanaokula gramu 25 mpaka 29 kwa siku wanapungukiwa na hatari ya magonjwa ya moyo, ya sukari na ya kansa ya utumbo mpana. Na juu ya kiungulia, waliompinga walimpinga kwa njia yake mwenyewe: kuuliza, kuhesabu, kuandika. Mtu anayeandika hesabu zake wazi anawapa wengine nguvu ya kumsahihisha. Lakini anayetaja jina la jirani yake gizani, huyo tutamsahihisha kwa nini?

7. MWISHO WA MAISHA YAKE

Alistaafu mwaka 1976, lakini hakupumzika. Mwaka 1979 alitoa kitabu kidogo cha kuwaambia watu wa kawaida wasisahau nyuzinyuzi katika chakula. Alizunguka nchi nyingi akifundisha kwa picha na kwa mizaha juu ya choo, mpaka wakubwa waliovaa tai wakacheka. Alipenda sana picha moja: bomba la maji limeachwa wazi, maji yamejaa chini ya nyumba, na wanganga wawili wanapangusa kwa bidii. Hakuna hata mmoja anayegeuka kufunga bomba.

Wale waliomjua wanasimulia mtu mnyenyekevu, aliyeanza kila siku kwa maombi na kusoma Biblia, na aliyeona kwamba heshima alizopewa ni za wengi, hasa za wale wanganga na wauguzi wa hospitali ndogo ambao walijaza karatasi zake wakati wamechoka. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Uingereza, akiwa na miaka 82.

8. NA SISI WA KOLWEZI?

Wasomaji, sisi tunakaa mjini, na mji unatufundisha chakula chake. Katika vijiji wazee wetu walikula mahindi ya kutwanga, maharagwe, viazi vitamu, matembele. Hapa wengi wanapenda unga mweupe sana, ule unaoingia kwa magari makubwa kupitia Kasumbalesa, wanakula mara moja kwa siku, mangaribi, bukari nyingi kwa pamoja, halafu wanalala. Wachimbaji wetu wa madini wanakula upesi, halafu palepale wanainama na kubeba mifuko mizito. Wengine wanaongeza lutuku na sigara. Kila moja ya haya inasukuma asidi juu au inalegeza mlango.

Mwenye moto wa kifuani afanye kama yule mama muuguzi. Atafute karatasi, aandike kwa majuma mawili: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, amelala saa ngapi, moto umekuja saa ngapi. Vyakula havimsumbui kila mtu sawasawa. Mmoja ni pilipili, mwingine ni mafuta, mwingine ni chai kali. Karatasi yake itamwambia. Kisha ale kidogo kidogo, angoje saa 2 mpaka 3 kabla ya kulala, ainue upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali, alalie ubavu wa kushoto, maana hivyo mlango unabaki juu ya asidi. Asimeze aspirini wala ibuprofeni bila ushauri, kwa sababu zinaweza kulijeruhi tumbo. Maharagwe, matunda na unga wenye maganda ni vizuri kwa mwili wote, hata kama havitamaliza kiungulia peke yake.

Lakini anayetapika damu, au mwenye choo cheusi kama lami, au anayekonda, au ambaye chakula kinamkwama akimeza, huyo asikae kuandika karatasi. Aende hospitali siku ileile. Vilevile mtu mzima anayebanwa kifua na maumivu yakaenda mpaka mkononi: huo unaweza kuwa ugonjwa wa moyo.

Tumejifunza nini kwa mtu huyu? Watu wengi wenye macho mawili walipita mbele ya watoto wale wa Mulago na Jinja bila kuona kwamba ugonjwa ni mmoja. Yeye mwenye jicho moja aliona, kwa sababu aliuliza, akaandika, na hakumshitaki mtu. Usiku mwingine mwenzetu akiamka akishika kifua, tumletee maji, tumketishe, tuwashe taa na kutafuta kalamu. Na yule anayekaa karibu naye mezani tumwache alale kwa amani.

Sisi, kikundi cha Afya.